Mpira wa breki kabla ya mteremko

Mara nyingi tunawaandikia habari za mikutano. Leo tunaeleza juu ya gari linalopeleka watu mikutanoni. Linabeba Wabembe, Wafuliiru na Banyamulenge pamoja, na ajali moja inatosha kuamsha maneno mabaya.

Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ ina pampu ndogo nyuma ya alternata. Pampu hiyo hunyonya hewa kutoka kwenye servo ya breki kupitia mpira. Mpira ukipasuka, breki hazipotei kabisa, ila pedali huwa ngumu kama jiwe. Fikirini hilo kwenye mteremko wa Ngomo, mkitoka Bukavu kurudi Uvira!

Mkienda kununua, chukueni kipande cha mpira wa zamani. Upana wa tundu mpimie katikati, kwa sababu ncha zimekwisha kutanuka. Msikubali mpira wa maji ya rejeta, hata muuzaji akiapa: ukinyonywa, kuta zake hugandamana na njia huziba. Utakiwe mnene, wa kuvumilia oili, kwani mvuke wa oili ya pampu hulegeza mpira wa kawaida. Sisi tulifunga wa bei rahisi, tukarudi kutoka Baraka kwa gia ndogo.

Valvu ya njia moja iruhusu hewa itoke servo kwenda pampu tu.

Kisha, injini ikiwa imezimwa, kanyageni pedali mara kadhaa, muishikilie, muwashe. Ikishuka kidogo chini ya mguu, abiria wapande.