Jarbuu, Panya wa Jangwani

Konde ni mji ulio kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Mvua za masika na za vuli hunyesha huko, mikarafuu na migomba hustawi, na msitu wa Ngezi ulio karibu huwa na majani mabichi mwaka mzima. Panya wa Konde hapati taabu ya maji.

Sasa tufikirie nchi ya Omani, ambako watu wengi wa Pemba wana jamaa zao. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni jangwa. Mvua ni haba sana, na wakati wa joto kali hewa hupita nyuzi 45 za Selsiasi. Hata hivyo, humo huishi mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji, kama panya na kindi. Waarabu humwita jarbuu. Je, anaishije?

Umbo lake

Uzito wa jarbuu hukaribia ule wa yai la kuku. Manyoya yake yana rangi ya mchanga, hivyo adui hamwoni upesi. Miguu yake ya mbele ni mifupi, lakini ya nyuma ni mirefu sana. Chini ya vidole vya nyuma mna nywele nyingi zinazomzuia asizame mchangani. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili, nao humsawazisha anaporuka. Akifukuzwa na mbweha, hukimbia kwa kuruka huku na huko.

Jinsi anavyohifadhi maji

Mwili hupoteza maji hasa kwa jasho, mkojo na pumzi. Mnyama akipoteza maji mengi kuliko anayopata, hufa. Kwa hiyo jarbuu hana budi kutumia maji kwa uangalifu mkubwa.

Mchana hukaa ndani ya shimo alilolichimba, na mara nyingi huziba mlango kwa mchanga. Joto kali haliingii, na unyevu wa pumzi yake haupotei ovyo. Usiku, jangwa linapopoa, hutoka kutafuta mbegu, mizizi na majani. Figo zake hutoa mkojo mchache ulio mzito.

Jarbuu aweza kuishi bila kunywa maji. Hupata maji yaliyomo katika mizizi na majani. Tena, mwili unapotumia chakula ili kupata nguvu, maji kidogo hutengenezwa humo humo mwilini. Jambo hili hutokea hata katika miili yetu, lakini maji hayo hayatutoshi.

Jaribio

1. Chimba shimo lenye kina cha sentimita 30.
2. Chukua vitambaa viwili vilivyo sawa. Viroweke, kisha uvikamue.
3. Saa sita mchana, anika kimoja juani. Kingine kiweke shimoni, ufunike kwa ubao.
4. Baada ya saa moja, vishike vyote viwili. Ni kipi kimekauka zaidi? Kwa nini?

Maswali

1. Kwa nini jarbuu huziba mlango wa shimo lake?
2. Taja njia mbili anazopatia maji.
3. Miguu na mkia wake humsaidiaje?
4. Panya wa Konde akipelekwa jangwani, atapata shida gani?