Dakika Arobaini Si Siku Nzima

Karani anapokea peslipu ya mwezi na kukuta mstari mgeni: utoro, siku moja, shilingi 1,154. Hakukosa kazi. Siku hiyo aliingia saa tatu kasoro dakika ishirini badala ya saa mbili kamili, akafanya kazi hadi jioni. Lakini daftari la mlangoni lilikuwa limeshafungwa, na msimamizi akamwandika hayupo. Makato ya namna hii yamezoeleka sana Kenya, hata wanaokatwa hudhani ndiyo sheria.

Sivyo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataja makato anayoruhusiwa mwajiri. Kwa asiyefika kazini, kiasi kinachokatwa hakipaswi kuzidi ujira wa siku moja kwa kila siku ya kazi aliyokosa nzima, bila ruhusa wala sababu halali. Aliyechelewa na kisha akafanya kazi hayumo humo.

Tupige hesabu. Karani wetu analipwa shilingi 30,000 kwa mwezi na hufanya kazi siku sita kwa wiki. Gawanya kwa siku 26, unapata zile 1,154. Saa je? Amri ya jumla ya mishahara, inapokadiria malipo ya saa za ziada, hugawa mshahara wa mwezi kwa 225. Namba hiyo inatokana na saa 52 za kazi kwa wiki, mara wiki 52 za mwaka, gawanya kwa miezi 12. Kwa hiyo saa moja ya karani ni kama shilingi 133, na dakika arobaini ni 89. Shilingi 1,065 zilizobaki ni faini tupu. Na hata hizo 89, mwajiri aonyeshe zimeruhusiwa wapi, labda katika makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi.

Kuna ujanja mwingine unaoniudhi zaidi: kampuni inayogawa mshahara kwa 30 inapokulipa siku zako za likizo, kisha kwa 22 inapokukata. Kigawanyo kiwe kimoja, na kiandikwe kwenye mkataba.

Mgonjwa ni habari nyingine. Ukishatimiza miezi miwili kazini, una haki ya siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi umtaarifu mwajiri mapema iwezekanavyo na upeleke cheti cha daktari.

Mwajiri naye hakufungwa mikono. Anayechelewa kila kukicha apewe onyo la maandishi, atakiwe kujieleza. Anayetoweka bila ruhusa anaweza hata kufutwa papo hapo chini ya kifungu cha 44, ila kwanza aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama akiwepo. Hiyo ndiyo njia ya nidhamu. Mshahara si kiboko.

Wewe uliyeajiriwa, soma peslipu yako mpaka mstari wa mwisho. Kifungu cha 20 kinamtaka mwajiri aonyeshe kila kato na sababu yake. Usipoelewa, uliza kwa barua na ubaki na nakala. Usipojibiwa, ibebe nakala hiyo pamoja na peslipu uende ofisi ya leba iliyo karibu nawe.