Mpini wa Kisu cha Kukunja Hauchaguliwi kwa Macho Tu

Mwaka 1890, katika milima ya Savoie nchini Ufaransa, Joseph Opinel alibuni kisu cha kukunja chenye mpini wa kipande kimoja cha mbao. Kisu hicho kingali kinatengenezwa, na wanaokitumia wanaijua tabia yake: kikilowa, mbao huvimba na kulibana bapa, likagoma kufunguka mpaka mpini ukauke. Mpini wa kisu cha jikoni ukivimba, nyama itakatwa vilevile. Wa kisu cha kukunja ni sehemu ya mtambo. Ndani yake bapa hulala na kuzunguka, na mwanya wa kila upande ni mdogo mno. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayechagua mpini ni jinsi mpini huo utakavyokaa na maji, jasho na joto. Uzuri ufuate.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, hata baada ya miaka mingi tangu mti ukatwe. Kwa urefu wa nyuzi zake haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana hutanuka na kusinyaa sana. Ndiyo maana mafundi wengi hufunga mabamba mawili ya mbao juu ya bati nyembamba za chuma au titaniamu. Bati ndizo zinazoshika kiungio na springi, na mbao ikicheza kidogo, bapa halisumbuki.

Katika mbao zote, mimi naipa mpingo nafasi ya kwanza. Uzito wake ni kilo 1,200 hivi kwa mita moja ya ujazo, hivyo huzama majini. Kiini chake cheusi kimejaa mafuta na utomvu, maji hayapati pa kupenya haraka, na kwa sababu hiyo hiyo watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya wameutegemea kwa vizazi: ala hujaa pumzi yenye unyevu kila inapopulizwa, na tundu lake halitakiwi kubadilika. Mafuta hayo yana gharama yake. Gundi ya epoksi haishiki vizuri mpaka fundi aufute uso wa mbao kwa asetoni na kuibandika papo hapo. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na kifua cha baadhi ya watu, kwa hiyo barakoa si hiari.

Mpingo hukua polepole sana. Huchukua miongo kadhaa kufikia unene wa kuvunwa. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, inasimamiwa na mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Huko Kilwa, kusini mwa Tanzania, misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, na vijiji huvuna na kuuza mpingo wao wenyewe. Kwa mipini ya pembe za ndovu hakuna la kujadili: biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku mwaka 1989, na hakuna mpini unaostahili uhai wa mnyama yule.

Njumu, yaani vipande vya ganda vinavyopachikwa ndani ya mbao, ina fizikia yake. Ganda la chaza lulu limejengwa kwa vibamba vya aragonaiti vyenye unene wa nusu mikromita hivi, karibu sawa na urefu wa wimbi la mwanga, na hapo ndipo rangi zake zinazogeukageuka hutoka. Katikati ya vibamba kuna utando wa protini unaozuia ufa usisambae. Lakini ganda halitanuki na unyevu kama mbao inavyotanuka. Kipande kirefu kikipachikwa kukatisha nyuzi za mbao, siku moja kitapasuka au kitabanduka. Vipande vidogo hudumu. Isitoshe, ganda ni kalisi kaboneti: maji ya limau hulifubaza. Fundi alisage likiwa limelowa, maana vumbi lake kavu huumiza mapafu.

Vitu vya viwandani havina matatizo hayo. Micarta ni kitambaa au karatasi iliyoshindiliwa pamoja na rezini. G10 ni nyuzi za kioo ndani ya epoksi, ndugu wa bodi za saketi. Havivimbi, havipasuki, na G10 iliyochongwa kwa ukwaruzo haitelezi mkononi hata ikiwa na magamba ya samaki.

Si kila plastiki ni salama, hata hivyo. Visu vingi vya zamani vina mipini ya seluloidi iliyoigiza gamba la kobe au lulu. Seluloidi ikizeeka huchakaa kikemia na kutoa gesi za naitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu huwa asidi ya naitriki. Asidi hiyo hula bapa, tena hula na visu jirani ndani ya sanduku lilelile. Mwenye kisu cha namna hiyo akitenge, akiweke penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa seluloidi huwaka kwa kasi kubwa.

Hukumu yangu: kwa kisu cha kazi, hasa pwani penye chumvi na joto, chukua G10 yenye bati za titaniamu. Kwa kisu unachotaka mwanao akirithi, chukua mpingo, njumu iwe ndogo, na umuulize muuzaji mti ulivunwa wapi na kwa kibali gani. Asipojibu, usinunue.