Kiti cha Ndege na Abiria Mwenye Mwili Mkubwa

Ndege za ratiba zinazotua Dodoma ni za aina chache, lakini viti vyake havilingani. Q400 ya Air Tanzania, ndege ya pangaboi yenye viti 76, ina viti viwili kila upande wa njia ya kati, na kiti cha daraja la kawaida kina upana wa karibu sentimita 43. ATR ya Precision Air haipishani nayo sana. Airbus A220-300 ya Air Tanzania, yenye viti 132, ina safu za viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Kiti chake hufikia sentimita 47 hivi, na cha katikati, ambacho wengi hukikwepa, kimeongezwa upana kidogo. Kwa abiria mwenye mwili mkubwa, aina ya ndege ni jambo la kuuliza kabla ya saa ya kuondoka.

Mkanda usipofika, mhudumu hutoa kipande cha kuurefusha. Huombwa mapema, wakati wa kupanda, na anayekitumia kwa kawaida hapangiwi safu ya mlango wa dharura. Viti vya safu ya mbele navyo mara nyingi vina egemeo la mkono lisiloinuka, kwa kuwa meza imefichwa ndani yake. Nafasi ya miguu hapo ni kubwa, ya kiuno ni finyu.

Kuhusu kiti cha pili, mashirika mengi huacha abiria akinunue mwenyewe. Kanada ilichagua njia nyingine: mwaka 2008 mamlaka yake ya usafiri iliamuru kwamba, kwa safari za ndani, mtu ambaye unene wake umethibitika kuwa ulemavu alipe nauli moja tu, hata akihitaji viti viwili. Uamuzi huo ni wa haki, maana kipimo cha kiti kilichaguliwa na shirika, si na abiria.

Suala la uzito ni tofauti kabisa, ingawa kwenye kaunta huchanganywa na la upana. Katika ndege kubwa abiria hawapimwi. Hutumika wastani wa uzito, na tofauti za watu hufidiana. Katika Cessna Caravan inayopeleka watalii Ruaha, watu wasiozidi kumi na wawili hawatoshi kufidiana. Hapo mizani ni ya lazima, rubani hupanga nani akae mbele na nani nyuma, na baadhi ya kampuni humtaka aliyezidi kilo 100 alipie nafasi ya ziada. Mwaka 2003 ndege ndogo ya Air Midwest ilianguka Charlotte, Marekani, na kuua watu 21. Pamoja na kasoro ya matengenezo, uchunguzi ulibaini kuwa wastani uliotumika ulikuwa mdogo kuliko uzito halisi wa abiria.

Dodoma huongeza ugumu wake. Uwanja uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Novemba, kabla ya mvua, hewa yenye joto huwa nyepesi: mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini hudhoofika, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi ardhini. Uzito ukizidi, kinachoanza kushushwa ni mizigo. Ndiyo maana safari za ndege ndogo hupangwa asubuhi, na uwanja mpya wa Dodoma, Msalato, ulisanifiwa kuwa na njia ya kurukia ya mita 3,600.