Fahamu: Vumbi la majaribio Marekani, mvuke wa zebaki Geita

Wakati wa Vita Baridi, jeshi la Marekani lilitaka kujua sumu ikirushwa mjini itasambaa vipi. Badala ya sumu likatumia vumbi laini la salfidi ya zinki na kadimiamu, linalong'aa chini ya mwanga maalumu, ili chembe zake zihesabiwe. Mwaka 1953 lilipulizwa St. Louis, hasa kwenye mitaa ya watu weusi maskini, na Minneapolis, hadi shuleni. Wakazi hawakuombwa ridhaa. Walioita vumbi hilo salama walijua lina kadimiamu, ambayo ni sumu. Jopo la wanasayansi mwaka 1997 halikupata ushahidi kwamba kiwango kile kilidhuru watu. Sawa, lakini kuwanyima watu habari ya hewa wanayovuta ni dhuluma.

Majaribio yale yalipima pia jinsi chembe za nje zinavyopenya hadi ndani ya majengo. Hilo linaihusu Geita, na Kahama mkoani Shinyanga, nchini Tanzania, ambako sumu iliyo hewani si ya majaribio bali ni ya kweli. Mchimbaji mdogo wa dhahabu huchanganya zebaki na mawe yaliyosagwa ndani ya beseni, hukamua kwa kitambaa, kisha donge linalobaki hulichoma. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, kwa hiyo anayepika jirani na mtoto aliye mgongoni huuvuta bila kujua. Mvuke huo hushambulia ubongo na figo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupozea, huunasa mvuke na kurudisha zebaki itumike tena. Kuchomea nyumbani kukome leo.