Lakabu za Miji: Mombasa, tangu Mvita hadi 001

Mombasa ina majina ya kutosha miji minne. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliuita Manbasa. Wenyeji wakauita Mvita, na washairi wakapenda Gongwa na Kongowea. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliyatumia yote matatu.

Mapokeo yanaifungamanisha Kongowea na Mwana Mkisi, malkia wa mji wa kwanza, na Mvita na Shehe Mvita aliyekuja kutawala baada yake. Hata hivyo wengi husikia vita ndani ya jina hilo, nao wana sababu. Wareno wa Francisco de Almeida waliuchoma mji mwaka 1505, Nuno da Cunha akaurudia mwaka 1528. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Yaelekea jina lilitangulia, mapigano yakalifuata na kulipa maana mpya, hata jina la mtu likawa sifa ya kisiwa. Kongowea nayo imehama: leo atajaye jina hilo humaanisha soko kubwa la jumla upande wa Nyali.

Lakabu inayowagusa zaidi watu wa Kwale ni Mombasa Raha, iliyoshamiri pamoja na hoteli za ufuoni na likizo za Desemba. Mgeni wa bara hushuka treni Miritini, huvuka Likoni kwa feri, hulala Diani, na akirudi kwao husimulia kuwa alikuwa Mombasa. Mchanga mweupe anaousifu ni wa Kwale, lakini sifa hubaki ng'ambo. Dar es Salaam iliwahi kutanuka vivyo hivyo: Bongo, jina la mji usiokalika bila akili, sasa ni Tanzania nzima. Kwa mkulima wa Mkongani, Mombasa ina maana nyingine: matatu ya alfajiri kupitia Kwale na Kombani, magunia ya machungwa juu ya keria, foleni ya feri, kisha bei atakayopangiwa na madalali sokoni. Raha haimo katika safari hiyo, na ni haki lakabu isemwe kuwa ni ya mgeni.

Vijana wamekuja na nyingine: 001. Katiba ya mwaka 2010 iliorodhesha kaunti 47 kuanzia pwani, Mombasa ikiwa ya kwanza na Nairobi ya mwisho. Nambari ya jedwali la serikali ikaingia kwenye fulana na nyimbo. Tofauti yake na Raha ni mpaka. Raha humwagika hadi Diani, ilhali 001 hukoma pale Likoni inapokwisha na Ng'ombeni kuanza. Kutoka hapo hadi Vanga ni 002.