BANDU BANDU HUISHA GOGO
Punguza unene kwa kula kwa kiasi

Zamani katika vijiji vyetu mtu mnene alisifiwa. Watu walisema, "Fulani ana afya." Mwili mkubwa ulikuwa dalili ya ghala lililojaa. Mtu aliyekonda alihurumiwa. Watu waliulizana kama anaumwa, au kama nyumbani kwake hakuna chakula. Mpaka leo wengi wetu bado tuna mawazo hayo.

Lakini unene si afya. Unene ukizidi huleta shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo. Huumiza magoti na kiuno. Mkulima mwenye magoti mabovu hawezi kupalilia ekari yake, hata kama mvua ni nzuri na mbegu ni bora.

Tatizo hili si la watu wa mijini tu. Uchunguzi wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi. Mijini walikuwa wengi zaidi, lakini vijijini pia walikuwepo. Siku hizi tunakula sembe nyeupe. Tunanunua mafuta ya kupikia dukani. Tunakunywa soda. Tunapanda pikipiki kwenda mahali ambapo zamani tulikwenda kwa miguu.

Je, wewe umezidi?

Huna haja ya mizani. Kamba inatosha. Simama wima ukutani. Mwenzako apime kwa kamba urefu wako, tangu kisigino hadi utosini. Ikate kamba hapo. Sasa ikunje katikati ili iwe nusu. Izungushe nusu hiyo kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu. Pumua kawaida, usivute tumbo ndani.

Ncha za kamba zikikutana, kiuno chako ni kizuri. Zisipokutana, mafuta yamezidi tumboni, na hayo ndiyo mafuta ya hatari zaidi. Nenda zahanati ukapimwe shinikizo la damu na sukari. Kipimo hiki cha kamba si cha mama mjamzito.

Kujinyima hakusaidii

Watu wengi wakiambiwa zahanati, "Punguza uzito," hurudi nyumbani na kuacha kula. Mmoja hunywa maji na chai ya rangi mchana kutwa. Mwingine hula papai tu wiki nzima. Wiki ya kwanza hupungua, nao hufurahi. Wiki ya tatu njaa huwashinda. Hula kwa pupa, na unene hurudi. Wengine hunenepa kuliko mwanzo.

Wafugaji wanalijua jambo hili. Ng'ombe hukonda wakati wa kiangazi. Mvua zikinyesha na majani yakiota, ng'ombe yule hunenepa upesi sana, kuliko mwenzake ambaye hakukonda. Mwili ulioonja njaa hujiwekea akiba mara tu chakula kinapopatikana. Mwili wa mtu nao hufanya vivyo hivyo.

Jambo hili lilichunguzwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Profesa Ancel Keys alikuwa na vijana 36 wa kujitolea, wenye afya nzuri. Kwa muda wa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini tazama yaliyowapata. Walichoka, walisikia baridi, walikasirika ovyo. Mchana na usiku waliwaza chakula tu. Miili yao ilipunguza matumizi, kama mtu anayepunguza utambi wa taa ili mafuta yasiishe. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengi walikula kupita kiasi, na mafuta ya mwili yakazidi yale ya mwanzo.

Kwa mgonjwa, kujinyima kuna hatari kubwa zaidi. Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mama mmoja alikuwa na kisukari. Aliambiwa apunguze uzito. Akaamua kula mara moja tu kwa siku, usiku. Lakini vidonge vyake vya kisukari aliendelea kuvimeza asubuhi, tumbo likiwa tupu. Siku ya nne alikwenda kupalilia mahindi. Saa tano alianza kutetemeka na kutoka jasho jingi. Akaanguka kati ya matuta. Bahati yake, mtoto alikuwa karibu akapiga kelele.

Mganga wa zahanati alieleza kwamba sukari katika damu ilikuwa imeshuka mno. Baadhi ya vidonge vya kisukari hushusha sukari hata kama mtu hajala. Mama yule aliponiona baadaye aliniambia, "Bwana shamba, nilitaka kupona upesi. Karibu nife upesi." Kwa hiyo mwenye kisukari asibadili ulaji wake kabla ya kuzungumza na mganga wake.

Mwili ni kama ghala

Chakula huupa mwili nguvu. Nguvu isiyotumika haipotei. Mwili huigeuza kuwa mafuta na kuiweka akiba. Kila siku ukiingiza ghalani debe moja na kutoa nusu debe, ghala litajaa. Ukitaka lipungue, usichome ghala. Ingiza kidogo kuliko unavyotoa, kila siku, bila kuacha.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Gogo kubwa huisha kwa kubanduliwa vipande vidogo. Unene nao huisha hivyo hivyo. Usitafute kupungua kilo kumi kwa mwezi. Nusu kilo kwa wiki inatosha.

Tena si lazima uwe mwembamba ndipo upate faida. Kati ya mwaka 1996 na 2001 Marekani ilifanya uchunguzi wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki. Watu wa kundi hilo walipungua, kwa wastani, chini kidogo ya kilo 6 tu. Lakini hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, wakilinganishwa na wale wasiofundishwa hivyo. Fikiri, ndugu msomaji. Kilo sita tu!

Mambo ya kufanya

Usifanye yote siku moja. Anza na jambo moja. Ukilizoea, ongeza la pili.

1. Punguza sukari kidogo kidogo. Tufanye hesabu. Mtu anayeweka vijiko 4 vya chai katika kikombe, na kunywa vikombe 3 kwa siku, hula vijiko 12. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Kwa mwezi amekula karibu kilo moja na nusu ya sukari, yeye peke yake. Wiki hii weka vijiko 3. Wiki ijayo viwili. Wiki ya tatu kimoja. Ulimi utazoea. Ukibaki na kijiko kimoja kwa kikombe, kwa mwaka utakuwa umeacha kama kilo 13 za sukari. Hesabu sasa kwa bei ya dukani kwenu, uone ni fedha ngapi. Soda nayo ni maji ya sukari. Ukiwa na kiu, kunywa maji safi.

2. Pima mafuta kwa kijiko. Usimimine kutoka kwenye chupa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu ya kumtembeza mtu mzima karibu kilomita 2. Vijiko vitano vikizidi katika sufuria, nani atatembea kilomita hizo? Maandazi na chapati si chakula cha kila asubuhi. Viazi vitamu, mihogo au magimbi ya kuchemsha ni bora kuliko ya kukaanga.

3. Kula dona. Sembe imeondolewa pumba na kiini cha mahindi, na humo ndimo mna sehemu kubwa ya ubora wake. Dona hushibisha zaidi na hukaa tumboni muda mrefu. Lakini saga mahindi makavu yasiyo na kuvu. Mahindi yenye kuvu yana sumu.

4. Gawa sahani yako. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, bamia. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au ndizi. Wengi wetu hufanya kinyume. Ugali ni mlima, mboga ni kijiko. Ugali si adui. Anayelima kwa jembe kutwa anahitaji ugali mwingi kuliko anayekaa dukani. Kila mtu ale kwa kadiri ya kazi yake.

5. Kula polepole. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limeshiba. Mkila pamoja kwenye sinia, ni vigumu kujua umekula kiasi gani, na watu hushindana. Anayetaka kupungua apakue chakula chake mapema katika sahani yake, kisha akae na wenzake wale pamoja. Akimaliza, asubiri kidogo kabla ya kuongeza.

6. Usikose milo yako. Anayeshinda na njaa kutwa hula chakula cha watu wawili usiku. Kula kwa saa zako, lakini kula kwa kiasi. Kati ya milo, tunda moja latosha.

7. Punguza pombe. Pombe ya kienyeji na bia zote zina nguvu nyingi. Mtu huweza kunywa mlo mzima asijue.

8. Tembea. Kama shughuli zako ni za kukaa, tembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki. Pikipiki ibebe mzigo, wewe nenda kwa miguu.

Siku ya sherehe usiogope. Ukienda arusini, kula pilau pamoja na wenzako. Kesho yake rudi kwenye kiasi chako. Anayejikataza kila kitu huchoka na kuacha yote. Anayekula kwa kiasi anaweza kuendelea maisha yake yote.

Nyumba nzima ishirikiane

Mara nyingi anayeambiwa apungue ni mmoja, lakini chungu ni kimoja. Mama hawezi kupika mboga mbili kila siku. Baba akitaka mafuta yaelee, mama mwenye shinikizo la damu atakula mafuta hayo hayo. Basi kubalianeni. Chakula chenye mboga nyingi na mafuta kidogo kinafaa hata kwa mtu mwembamba, mradi apate cha kumtosha.

Tena tuache kuwacheka wanaopungua. Mtu akipungua kwa kufuata ushauri, majirani huanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa. Maneno hayo yamewarudisha wengi kwenye unene. Badala yake tuwaulize wanafanyaje, nasi tujifunze.

Wasiopaswa kupunguza

Mama mjamzito na anayenyonyesha wasijipunguzie chakula. Watoto wanaokua wapewe chakula cha kutosha. Mwembamba hana cha kupunguza. Na mtu anayekonda bila kukusudia asifurahi. Huenda ana kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine. Aende zahanati mapema.

Ndugu wasomaji, shamba halilimwi kwa siku moja. Anza leo na kijiko kimoja cha sukari. Pima kiuno chako kwa kamba ile ile kila mwezi, ufunge fundo mahali ulipofika. Baada ya miezi sita, mafundo yatakueleza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini anayejinyima chakula hunenepa tena?
2. Nyumba yako hutumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Mko watu wangapi?
3. Ni mboga gani zinapatikana kijijini kwenu wakati wa kiangazi? Mnaweza kufanya nini ili zipatikane zaidi?
4. Mwenye kisukari afanye nini kabla ya kubadili ulaji wake?